Kiti cha Mbele

Mtu anunuapo mkate hununua kitu ambacho angekitaka hata kama angekuwa mtu pekee duniani. Njaa yake haiulizi jirani amekula nini. Lakini viko vitu vingine ambavyo mtu aliye peke yake hawezi kuvinunua kwa mali yoyote, kwa kuwa thamani yake yote imo katika kuwapo kwa watu wengine wasiovipata. Cheo ni kimoja katika vitu hivyo. Kiti cha mbele katika ndege hudhaniwa na wengi kuwa ni mkate: nafasi ya miguu, chakula kizuri, ukimya, basi. Wachache hukishuku kuwa ni cheo kilichovishwa nguo za mkate. Nani mwenye haki kati ya makundi haya mawili si jambo la mzaha, maana mtu akikosea hapa atatumia mali yake kununua asichokijua, na yamkini atamlipisha mtu mwingine sehemu ya bei bila ya kumwambia.

Ichukuliwe safari moja fupi. Ndege itokayo Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kwenda Unguja hushika upande wa kusini mashariki, mwendo wa karibu kilomita 400, na safari yote huwa ya saa moja hivi. Mawingu yakiruhusu, abiria wa dirisha la kushoto huona kwanza bwawa la Nyumba ya Mungu, liking'aa kama kioo kilichosahauliwa nyikani. Kisha milima ya Upare hujipanga mmoja baada ya mwingine, kutoka Ugweno na Usangi upande wa kaskazini hadi Shengena, kilele cha mita 2,462 kilicho juu ya msitu wa Chome. Chini yake, kati ya mashamba ya mkonge na vichaka vya miiba, upo mji wa Same, na barabara na reli vikifuatana kando ya milima kuelekea pwani. Haya yote hupita katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mtu aliyezaliwa Suji au Vudee, ambaye utotoni aliteremka mlima kwa miguu tangu alfajiri ili aliwahi basi la Same, huwa ameimaliza nchi yake yote kabla kahawa haijapoa.

Na iwe ni wakati wa masika, mwezi wa Aprili au Mei, wageni wa Ulaya wanapopungua na baadhi ya hoteli za pwani ya Unguja zinapofunga milango. Ndege ya namna ya Q400, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania limekuwa nayo tangu 2016, ni ya viti 76, na sita tu kati ya hivyo vimewekwa mbele, mbali na vingine. Jina la daraja la kwanza limekwisha kufa katika ndege nyingi. Wenye mashirika wameliona linatisha, au wamelionea haya, wakaliita daraja la biashara hata kwa abiria anayekwenda kuogelea. Watu wa mitaani hawakudanganyika. Bado huliita la kwanza.

Basi abiria mmoja amekaa mbele peke yake, na nyuma wako watu kumi au kumi na wawili waliotawanyika katika viti 70. Kila mmoja wa hao wa nyuma ana safu nzima ya kuweka miguu na mkoba wake. Hakuna mtoto aliaye, hakuna kiwiko cha jirani, hakuna anayesukuma kiti cha mwenziwe. Kimya cha mbele na kimya cha nyuma ni kimya kimoja, na kama pazia limefungwa katikati, linatenga kimya na kimya. Siku ndege inapojaa, mtu wa mbele akiulizwa amenunua nini ana jibu la haraka: amenunua nafasi. Lakini siku kama hii nafasi imejaa tele na haina mwenyewe. Aliyelipa kidogo anayo sawa na aliyelipa sana, pengine zaidi. Kilichobaki mkononi mwa yule wa mbele ni bilauri badala ya kikombe cha karatasi, na kutangulia dakika moja mlangoni. Na hata hapo, katika ndege ndogo yenye watu wachache, mhudumu huweza kuwaomba abiria wahame viti ili uzito wa ndege ukae sawa. Ndege yenyewe haijui daraja. Inajua uzito tu.

Yafaa kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa safari tupu hufunua kile ambacho safari iliyojaa hukificha. Kama kiti cha mbele kingekuwa mkate, utamu wake usingepungua kwa sababu jirani naye ameshiba. Lakini ona: abiria wa mbele, akigeuka na kuona wale wa nyuma wamelala safu nzima, kila mmoja kama mwenye nyumba, huhisi amepunjwa. Hakuna aliyemwibia. Alichopewa ni kile kile alichoahidiwa, hakikupungua hata shubiri. Kilichopungua ni umbali kati yake na wengine, na huzuni yake kwa ajili ya umbali huo ni ushahidi kwamba umbali ndio aliokuwa ameununua.

Hata hivyo asihukumiwe haraka. Iko historia nzito upande wake, nayo hupita pale pale chini ya dirisha. Reli ile inayoonekana ikizunguka miguu ya milima ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, ikapita Same na kufika Moshi mwaka 1911. Katika zama za Waingereza mabehewa yake yalikuwa na madaraja matatu, na mtu hakuhitaji kusoma maandishi ili ajue lake. La kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili zaidi la Wahindi, la tatu la Waafrika, pamoja na kuku wao na mizigo yao. Nauli, desturi, na jicho la mkaguzi vilitosha kuwa sheria. Mwaka ule ule wa 1893, mwezi wa Juni, wakili kijana kutoka Bara Hindi, Mohandas Gandhi, aliteremshwa kwa nguvu katika stesheni ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ingawa mkononi alikuwa na tiketi halali ya daraja la kwanza. Usiku ule wa baridi aliumaliza katika chumba cha kungojea. Kosa lake lilikuwa ni kudhani kwamba fedha yake ilikuwa na rangi moja na fedha za wengine.

Kwa hiyo, Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mtu mweusi aliyeingia behewa la mbele na kuketi hakuwa anajivuna bure. Alikuwa akijaribu mlango ili ajue kama kweli umefunguliwa. Waliosimama jukwaani wakimtazama walifurahi pamoja naye, hata wale ambao walijua kuwa hawatapata kamwe nauli ya kuketi pale. Tiketi isiyouliza rangi, kabila wala dini ni kitu cha haki kuliko mkaguzi mwenye macho. Asemaye kwamba fedha ni bwana mbaya hana budi kukumbuka bwana aliyekuwapo kabla yake.

Lakini ushindi ule ulikuwa wa nini? Yawezekana kuwa ulikuwa wa kubomoa ukuta, na yawezekana pia kuwa ulikuwa wa kumvusha mtu wetu mmoja upande wa pili wa ukuta, kisha ukuta ukaachwa umesimama. Furaha ya mambo haya mawili hufanana sana siku ya kwanza. Miaka sitini baadaye hazifanani. Mjukuu wa yule aliyejaribu mlango leo hajaribu mlango wowote. Mlango umekuwa wazi tangu hajazaliwa. Hawezi kuazima ushujaa wa babu yake ili apambe starehe yake. Akitaka kuketi mbele, na aketi, lakini sababu yake itabidi iwe yake mwenyewe.

Na kama akitafuta ya babu zake kwa bidii zaidi, atakuta nyingine isiyompendeza. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni, ikishirikiana na watawala wa jadi, iliwaletea Wapare kodi mpya iliyokwenda kwa madaraja. Kila mtu apimwe mali yake, ng'ombe wake, mazao yake, na mwenye zaidi atoe zaidi. Kodi hiyo ilijulikana kwa jina la mbiru. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakataa kuondoka. Walikaa siku nyingi, siku zikawa miezi. Baadaye wanawake nao wakaingia katika shauri lile, hasa wa Usangi, wakamkabili mkuu wa wilaya kwa kuwa waume zao walikuwa mbali na mashamba na nyumba vilikuwa vimewaelemea wao peke yao. Mwisho wa yote kodi ile ikaachwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria mkubwa aliyetoka katika milima hiyo hiyo, aliieleza habari hii katika kijitabu kilichotolewa mwaka 1971, na anayetaka kuijua vema na amsome yeye.

Mwenye elimu ya vitabu hushangaa anapoisikia mara ya kwanza. Kodi ya namna ile, maskini alipe kidogo na tajiri alipe kingi, ndiyo ambayo mataifa mengi leo huiita kodi ya haki. Ilikuwaje maskini wenyewe waikatae, tena kwa gharama ya kulala nje chini ya vichaka vya Same? Jibu halimo katika hesabu. Kodi ya kichwa walikuwa wameizoea. Ilikuwa mzigo, lakini mzigo uliomkuta kila mwanamume mlangoni kwake kwa namna moja. Mbiru ilileta kitu kipya. Ilimweka mtu mmoja, mwenye urafiki na uadui wake, aamue ni nani katika kijiji ana uzito gani, kisha aandike. Watu ambao walikuwa wamekaa pamoja, wakijuana mali bila ya kutajana, wakaamka wamepangwa safu kwa safu katika daftari. Si ajabu kwamba waliona afadhali kulala nje.

Msafiri wa leo atasema kuwa mfano huu haumhusu, maana yeye hakupangwa na mtu. Alijipanga mwenyewe kwa hiari na kwa fedha yake. Hoja hii ina nguvu, nayo haistahili kupitwa kwa dharau. Tofauti kati ya kupimwa na kujipima ni kubwa kama tofauti kati ya kufungwa na kujifungia. Lakini hiari yake inamhusu yeye peke yake. Wale 70 wa nyuma hawakuulizwa kama wanataka kuwa nyuma ya kitu. Kabla ya viti sita kutengwa, hakukuwa na nyuma. Ndege ilikuwa na watu tu. Achaguaye kuhesabiwa wa kwanza amewachagulia na wengine hesabu zao.

Je, jambo hilo huwadhuru? Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa aliyeitwa Jules Dupuit aliandika juu ya reli za nchi yake neno ambalo wauza tiketi wangependa lisahauliwe. Watu walilalamika kwamba mabehewa ya daraja la tatu hayana paa. Dupuit alieleza kwamba paa halikukosekana kwa sababu ya gharama, maana gharama yake ilikuwa ndogo. Lilikosekana ili mtu mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili asishawishike kushuka katika la tatu. Maskini alinyeshewa si kwa sababu kampuni ilimchukia, bali ili tajiri aogope mvua. Hapa ndipo mkate na cheo vinapoachana kabisa. Muuza mkate hana haja ya kumtia mwingine njaa ili mkate wake ununuliwe. Muuza daraja ana haja hiyo siku zote, na kadiri wa mbele anavyochoka kulipa, ndivyo wa nyuma anavyobanwa magoti.

Wenye mashirika wana utetezi wao, nao ni huu: katika safari za mbali za baharini na angani, fedha nyingi za viti vichache vya mbele hubeba sehemu kubwa ya gharama, na bila ya hizo nauli ya nyuma ingepanda. Yaweza kuwa kweli kwa ndege kubwa ivukayo bara. Kwa ndege ya viti 76 inayokwenda Unguja wakati wa masika, viti vya mbele vikiwa na mtu mmoja au visiwe na mtu kabisa, ni vigumu kuamini kwamba mtu huyo ndiye anayewabeba wengine. Tena ukimya wenyewe, ambao ndio bidhaa inayosifiwa zaidi, una hadithi yake. Mwaka 2016 watafiti wawili, Katherine DeCelles na Michael Norton, walitoa uchunguzi wao juu ya fujo za abiria. Walikuta kwamba fujo huzidi katika viti vya nyuma pale ndege inapokuwa na daraja la mbele, na huzidi tena pale wa nyuma wanapoingia kwa kupita katikati ya walioketi mbele. Na jambo ambalo wengi hawakulitazamia: katika upitaji huo hata walioketi mbele huongeza fujo zao. Pazia lililotundikwa kwa ajili ya utulivu lilikuwa likiupunguza pande zote mbili.

Mgonjwa, mzee, mwenye mguu usiokunjika, mama aliyetoka kupasuliwa, hawa wakipata nafasi ya mbele hakuna wa kuwauliza. Wao wananunua mkate. Wala hakuna ugumu juu ya mtumishi wa umma anayeketi mbele kwa fedha za hazina. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais John Magufuli aliwazuia watumishi wa serikali kukatiwa tiketi za daraja la kwanza na la biashara, isipokuwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Watu walibishana juu ya mengi ya utawala wake, lakini juu ya hilo wachache walinung'unika nje ya wale waliohamishwa viti. Shida ni ya mtu mzima, mwenye afya, mwenye fedha ya halali aliyoitolea jasho. Yeye ndiye ambaye maadili hayana jibu la haraka kwake.

Isidhaniwe kwamba milimani watu wote walikuwa sawa, na kwamba viti vya mbele vililetwa na wageni. Upare ulikuwa na koo zilizotawala na koo zilizotawaliwa, ulikuwa na wenye kuombea mvua na wenye kuingojea tu. Hata leo, katika nyumba nyingi, kigoda kizuri ni cha mzee, naye huamkiwa wa kwanza, na mtoto hathubutu kukikalia mzee akiwapo. Lakini kigoda kile kina deni. Aliyekikalia huamshwa usiku ndugu wanapogombana juu ya mpaka wa shamba. Huulizwa binti akiposwa. Hutazamwa yeye kwanza msiba unapoingia, na asipotoa, kigoda hakimfichi. Heshima ile hupewa na watu, na kwa kuwa wao ndio waliompa, wao ndio wanaoweza kumdai. Kiti cha ndege hutoa heshima isiyodaiwa. Mhudumu humwita abiria kwa jina na kumnyenyekea, na safari ikiisha hakuna hata mmoja anayemdai mwenziwe kitu. Kwa wengine huo ndio uzuri wake. Mtu aliyelelewa katika ukoo mkubwa, aliyechoka kuulizwa, kuombwa na kutumwa, anaweza kuona kwamba saa moja ya heshima isiyo na deni ni mapumziko yenye thamani kuliko mchanga wa Nungwi. Ni uchovu wa kweli, na anayemcheka hajawahi kuwa mtoto wa kwanza kupata kazi katika ukoo wake.

Lakini deni haliondoki kwa kuwa halikutajwa. Mtu huyo alisoma katika shule ambayo mawe yake yalibebwa vichwani kwa msaragambo, kazi ya wote ambayo neno lake Wapare wamelikopesha Kiswahili. Ada yake ilitoka katika kahawa, au katika tangawizi iliyolimwa Mamba na kuteremshwa kwa magunia katika njia ambazo mvua huzila kila masika. Nauli ya kiti cha mbele, ikizidi ya nyuma, ni magunia mangapi? Hesabu hii si ya kumhukumu. Mtu hawezi kuishi huku akigeuza kila shilingi kuwa gunia. Ni kwamba yeye, tofauti na mgeni aliyekaa upande wa pili wa ujia, anaijua hesabu hiyo, na anapotazama dirishani huona mahali inapofanyiwa.

Kipo kitu kingine asichoweza kukiona kutoka juu, kwa udogo wake. Katika miteremko ile kuna ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo Wapare wameyatumia tangu zamani. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yateremke kwa mifereji hadi mashambani. Ndiva ya Manoo iliyo Bangalala ni moja katika zinazojulikana sana. Sasa, mlima wenyewe huumba daraja la kwanza. Mwenye shamba la juu hupata maji kabla ya mwenziwe wa chini bila ya kulipa chochote na bila ya kukusudia ubaya, kwa sababu maji hayapandi. Kama mambo yangeachwa yafuate mteremko, wa juu angeotesha mahindi na wa chini angeotesha vumbi. Ndiyo maana pakawekwa zamu. Wa juu hufunga mfereji wake siku isiyo yake, akayatazama maji yakipita mbele ya miche yake yenye kiu kwenda kwa mtu mwingine. Zamu ni kazi ngumu, huvunjwa mara kwa mara, na ugomvi wake umejaza vikao vingi. Lakini watu wale walikuta mteremko na wakajitahidi kuufanya tambarare. Katika ndege ni kinyume. Sakafu yake ni tambarare, wote hupaa pamoja na hutua pamoja katika nukta moja ya saa, na hewa wanayovuta ni moja. Mteremko umeletwa na watu, ukapewa bei.

Zamu ya ndiva ina sharti lake: anayetaka maji hana budi kushiriki kuzibua ndiva na kusafisha mifereji. Hapo ndipo watoto wa mlimani wanaokaa mbali, Dar es Salaam, Arusha, au Unguja kwenyewe, wanapoleta taabu kwa wazee. Mwenye kazi nzuri hutuma fedha badala ya jembe, tena fedha nyingi kuliko thamani ya siku moja ya kuchimba. Kwa hesabu amezidisha. Wako wanaosema zipokelewe, zinunuliwe saruji, na jina lake lisomwe la kwanza. Wako wengine wanaosema kwamba saruji ni njema, lakini shamba la mama yake lipo chini kabisa ya mfereji, na siku ya kuzibua, pale ambapo kila nyumba husimamisha mtu wake katika tope, nyumba ile haikuwa na mtu. Hawa hawazikatai fedha zake. Wanataka, pamoja na fedha, alete mtu mwenye jembe, awe ndugu, awe kibarua, hata awe yeye mwenyewe likizo ikimfikisha, naye asimame katika safu mahali popote atakapokuta pana nafasi.